Kumuaga Mjomba Axel na Wimbo Wake wa Pikipiki

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu Mzee Damian, Mchungaji, mama zetu wa jikoni, ambao kwa haki mlipaswa kutajwa kwanza, wageni waalikwa, na wewe mgeni wetu wa leo, Mjomba Axel: shikamooni.

Nimepewa dakika tano za kumuaga Mjomba Axel, anayerudi kwao Ujerumani baada ya miaka minane ya kutufundisha gitaa kila Jumamosi katika ukumbi huu wa Rissne, hapa Uswidi. Wote mnamjua, ila wachache mnaijua kazi yake hasa: huchukua nyimbo za zamani za roki za Kiingereza, zile za wazee wenye nywele ndefu, akaziimba kwa maneno ya Kijerumani aliyoyatunga mwenyewe. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa Kiswidi kibovu kuliko hata cha baba yangu: "Dativa, mama yangu hakujua Kiingereza. Nilitaka naye alie panapostahili kulia."

Ndugu zangu, leo lazima niungame. Mnayakumbuka matanga ya Bibi Winifrida? Mjomba Axel alisimama na gitaa, akaimba taratibu, kwa Kijerumani, wimbo aliosema marehemu aliupenda. Mzee Damian, aliyelelewa na nyimbo za Kilutheri kule Bukoba, akavua kofia. Ukumbi mzima ukasimama. Mama Pélagie akanong'ona, "Huo ni namba ngapi kitabuni?" Mzee akamjibu, "Nyamaza, mama, ni wa Kwaresima." Ulipokwisha akasema "Amina," akaomba ubeti wa mwisho urudiwe.

Mimi nasoma Kijerumani shuleni. Wimbo ule ulimhusu mwanamume aliyeachwa na mchumba, akabaki akiisimulia pikipiki yake shida zake. Katika ubeti uliorudiwa, pikipiki ilikataa kuwaka.

Je, ningewaambia? Mama yangu alikuwa analia vizuri sana.

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, kamati yako imeamua kwamba Mjomba akiondoka, ufunguo wa ukumbi urudishwe na Jumamosi yetu iwe ya vikao, kwa kuwa roki ni kelele zisizo na maadili. Tunaviheshimu vikao, tumekulia chini ya meza zake. Lakini ni nani hapa aliyewahi kulia kikaoni kwa sababu nzuri?

Mzee, nilizoea kumjibu mama kwa Kiswidi. Tangu nianze kuutia wimbo ule maneno ya Kiswahili, kila jioni nakaa naye jikoni nikimuuliza: mtu aliyeachwa husemaje? Ananijibu mengi, mengine siwezi kuyasoma mbele ya Mchungaji. Hatujawahi kuzungumza hivyo.

Tunaomba tuachiwe ufunguo.

Mjomba Axel, ahsante kwa sugu za vidoleni mwetu, na kwa kutocheka siku ile ya matanga.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Wenzangu wako tayari na magitaa yao. Wimbo ni ule ule, ila safari hii mtaelewa kila neno. Mzee Damian, una ruhusa ya kubaki na kofia yako kichwani. Lakini ukijikuta umeivua, tutajua ufunguo ni wetu.