Daktari Aliyegonga Mlango wa Slava

Baada ya miaka thelathini na minne katika kliniki yetu ya macho hapa Pirot, Daktari Vidosava Ranđelović anastaafu tarehe 30 Septemba. Wagonjwa wanasikitika. Wauza kamomili wanashangilia.

Vita vyake na kamomili tunavijua sote. Mjini kwetu, jicho likiwasha mtu huliosha kwa chai ya maua hayo. Likizidi kuwasha, huongeza chai. Daktari aliwafokea wazee kwa vijana, na hata mama mkwe wake, ambaye hadi leo huosha macho kwa kujificha.

Wala hakuishia kwenye kope. Aliuliza unalalaje, unakula na nani, umecheka lini. Tulimtania kwamba kliniki imegeuka baraza la umbea.

Kisha akaja Desanka, mfumaji wa mazulia. Macho yake makavu yalimchoma miaka nenda miaka rudi, kana kwamba yametiwa mchanga. Alikuwa ameacha kufuma, amefunga mapazia, hapokei simu. Alimwambia Daktari waziwazi kwamba amechoka kuishi. Akapewa matone, maelekezo ya kukanda kope kwa kitambaa cha maji moto, na miadi na mwanasaikolojia. Hakurudi.

Ikafika tarehe 19 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola na slava ya ukoo wa Desanka, yaani sikukuu ya mtakatifu mlinzi wao. Siku hiyo hakuna anayealikwa. Mlango huachwa wazi, na wageni huja wenyewe. Mlango wa Desanka ulikuwa umefungwa. Majirani walinong'ona, wakapita. Daktari alisimama akagonga, nami muuguzi wake nyuma nimebeba keki, naona aibu.

"Hapa hakuna slava, Daktari. Nenda zako!"

"Kwani nimekuja kwako? Nimekuja kwa Nikola. Fungua, dada, nina njaa!"

Kisha kitasa kikageuka.

Tulikula keki kwa mikono. Daktari akachemsha maji, akamkanda kope, na kesho yake akampeleka mwenyewe kwa mwanasaikolojia. Haikuwa kazi ya mwezi mmoja. Macho ya Desanka bado ni makavu na matone hayamtoki mfukoni, lakini analala, anafuma, na anagombana na majirani kama zamani. Tangu hapo kila mwenye ugonjwa sugu wa macho huulizwa pia hali ya moyo wake. Hilo hatutaliacha.

Daktari Vida, tunakushukuru kwa ukaidi wako. Ukapumzike kwa afya na furaha, na umwachie mama mkwe chai yake.

Desanka hakutupa mwaliko wowote wa kukuletea. Tarehe 19 Desemba mlango wake utakuwa wazi.