Doti za Asmahani

Benchi langu la kahawa hapa Ipuli limeegemea ukuta wa steshenari ya Modest, chini ya dirisha, na kioo cha kompyuta kinatutazama. Desturi yetu ni hii: mtu akichapiwa chake, benchi zima linageuza shingo, linasoma na kusahihisha. Jana Modest alimwambia Asmahani, mchapaji wake, kwamba hadi adhana ya adhuhuri ya leo awe amekitoa kitufe alichokitengeneza juu ya kile kioo, la sivyo akabidhi funguo. Ukikibonyeza, doti zinamwagika katikati ya maneno, na mwisho wa kila aya inasimama P iliyogeuka nyuma. Ukikibonyeza tena, kweupe. Kosa la kitufe ni kuonwa na wanaume wawili wasio na kazi. Masanja tunamwita Mnada, maana hata salamu anainadi. Abdulatifu ni Daktari. Aliwahi kufagia zahanati.

Mnada: Mimi ndiye niliyempelekea Modest habari, na narudia. Wale ni kupe! Wamekaa kila penye upenyo, wananyonya maneno.

Daktari: Kupe wapi? Virusi hao. Leo wako kwenye ombi lako la kibali cha bucha, kesho wamepita kwenye waya wa umeme wameingia simu ya Bibi.

Mimi: Simu yangu ina tochi tu. Waje wamulike.

Mnada: Na ile P? Herufi imekugeuzia mgongo, ujue ombi limekataliwa kabla hujalifikisha!

Asmahani akatoa kichwa dirishani.

Asmahani: Mzee Masanja, ombi lako lilikuja kwenye flashi, kaliandika mwanao. Kila doti ni nafasi moja aliyobonyeza. Kichwa cha habari kakisukuma kwa nafasi mpaka katikati. Nikigusa neno moja, vyote vinateleza. Nisipoziona hizo nafasi, nirekebishe nini?

Daktari: Mbona wachapaji wengine hawana kitufe?

Asmahani: Wanafungua menyu, wanatafuta, wanatia tiki, wanakubali. Halafu wanarudi njia ileile kuzima. Mimi safari hiyo nimeirekodi mara moja, nikaifunga kwenye kitufe, sasa kompyuta inaikimbia yenyewe. Inaitwa makro.

Daktari: Mmesikia? Inakimbia yenyewe! Hakuna mtu juu yake!

Mnada: Basi tukilala inakwenda wapi?

Daktari: Setilaiti. Zile doti ni matundu. Watu wa huko juu wanachungulia.

Mimi: Wanachungulia bucha ambayo haijajengwa? Kweli huko juu hawana kazi, kama nyie.

Bodaboda ikasimama. Modest akashuka, uso umekunjamana.

Modest: Shikamoo Bibi.

Mimi: Marahaba. Umekuja kunywa au kufukuza?

Modest: Wateja wanavuka barabara, Bibi, wanaenda kwa jirani. Asmahani, kimetoka?

Asmahani: Hakijatoka.

Modest: Basi lete funguo.

Funguo zilikuwa dirishani tangu asubuhi. Aliziweka mwenyewe.

Asmahani: Hizo hapo. Kitufe sikitoi. Atakayekaa hapa baada yangu akitoe yeye, kama anajua kilivyoingia.

Mimi: Chukua, Modest. Halafu ingia uchape.

Mkono wa Modest ukatua juu ya funguo, ukabaki hapo. Ndipo mama mmoja akaegesha baiskeli, vumbi la njiani limempanda hadi magotini.

Mama: Shikamooni. Naitwa Nyamizi, natoka Kwihara. Mdogo wangu anaolewa, nataka kuchapisha ratiba. Ila huko njiani nimeambiwa karatasi za hapa zina doti.

Mnada: Zimejaa!

Daktari: Na zinaambukiza.

Nyamizi: Iko wapi moja niione?

Mnada akatazama ndani ya kikombe. Daktari akaanza kujikuna shingo.

Modest: Masanja, si uonyeshe ya kwako?

Mnada: Mimi... nilikataa isitolewe.

Modest: Daktari?

Daktari hajawahi kuchapisha kitu tangu azaliwe.

Asmahani akageukia kompyuta. Alibonyeza kitufe, doti zikajaa kioo kizima, kila mtu akiziona. Akaziacha vilevile, akalituma ombi la Mnada kwenye printa huku amemkazia Daktari macho. Printa ikakoroma. Nyamizi aliipokea karatasi dirishani, akaigeuza mbele na nyuma, akaielekeza juani. Haikuwa na hata doti moja.

Adhana ikalia. Modest akaondoa mkono kwenye funguo, akautia mfukoni.

Mnada: Bibi, niongezee basi, koo limekauka.

Mimi: Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa bado zito. Nikammiminia Nyamizi, nikamwita Asmahani alete kikombe chake.