Kiti cha Kuegemea

Kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alikuwa akishona pindo la sare kwa mkono huku basi likiyumba. Kila baada ya mishono michache alinyoosha mgongo na kukunja uso, mpaka fundi bomba aliyeketi ubavuni pake akashindwa kunyamaza.

"Pole, dada. Mgongo?"

"Mwaka wa sita huu, kaka. Kesho namwambia msimamizi anipe kiti cha kuegemea, la sivyo sishoni."

"Kwani wenzako hawaumwi?"

"Mdogo wangu tunashona naye chumba kimoja, anakalia stuli kama yangu kutwa nzima, na jioni anaruka kamba na wanawe. Ndiyo fimbo ya msimamizi hiyo: 'Tumbo moja, mbona wewe tu?'"

"Hata mimi ningeuliza."

Nyuma yao, nilihofia sindano ingehamia pajani mwa fundi bomba.

"Tumbo moja, sawa. Yeye kachukua pua ya baba, mimi ya mama, na hilo halimshangazi mtu. Daktari kaniambia hata ukali wa maumivu mtu anaweza kuurithi. Mama aliugulia mgongo hadi kaburini, na mtaa mzima ukamwita mvivu. Mimi hawaniiti hivyo."

"Basi kila mtu atamsingizia mama yake! Kazi atafanya nani?"

"Mimi. Nikiwa kitini."

Basi likasimama. Pindo lilikuwa limefika nusu. Mwanamke akachomeka sindano kwenye kitambaa, akakikunja na kuinuka taratibu.

"Iliyobaki," alisema, "nitaimalizia kesho, nimeegemea."