Waya Akataa Kuunganisha Kompyuta

Benchi letu linatazama lango la chuo. Asubuhi hiyo Waya, fundi wa kompyuta za chuo, alikuja kukaa saa nne, saa ya kazi, simu ameizima. Kule ndani zipo kompyuta sitini za kufanyia hesabu kubwa. Yeye amezigawa mafungu matatu: la watafiti, la wanafunzi, na la akiba linalomsaidia yeyote aliyezidiwa. Sasa mkurugenzi anataka zote ziwe fungu moja leo hii, wageni wake waone ukubwa. Waya amekataa. Nami nilifurahi, maana siku hizi watu wa kukataa ni wachache.

— Umoja ni nguvu, alisema Karani, mstaafu wa mahakama. Ziunganishe, baba, ulinde ugali wako.

— Nikiziunganisha sasa, kila hesabu inayoendelea inakatika. Kuna binti, hesabu yake ina siku ya tisa. Inaisha leo jioni.

— Si ataanza upya?

— Anza upya wewe ndoa yako, Karani.

Kinyozi, mwenye kibanda jirani, alicheka hadi kahawa ikammwagikia.

— Hao wageni wanataka kuziiba, alisema. Fungu moja ni rahisi kubeba.

— Au zikikaa pamoja zitapata akili, alisema Karani, zimfukuze mkurugenzi mwenyewe.

— Ndiyo, alisema Kinyozi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Kwa mlango. Sikilizeni, mimi nina viti vitatu. Cha watoto kikiwa kitupu, namkalisha mzee. Lakini simwinui mtu nimemnyoa nusu kichwa, hata aje nani.

— Umemaliza, alisema Waya. Basi wanifukuze. Nywila ninayo kichwani, na mgawanyo wote ninao kichwani. Sijaandika popote. Watajua hawajui.

Tulimpigia makofi. Ndipo akaja yule binti wa hesabu ya siku tisa, begi mgongoni.

— Shikamooni. Fundi, nimesikia wanakufukuza mchana huu.

— Wanifukuze.

— Na sisi kesho, nani atatugawia kompyuta?

Kinyozi alianza methali, akaiacha njiani. Niliona aibu imemshika Waya kweli.

— Una daftari? aliuliza.

— Ninalo.

— Kaa hapa. Andika yote, hadi nywila. Wakinitoa mimi, utawakatalia wewe.