Dakika Kumi za Huruma

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi yaliyokwisha kazi, umeegemea ukuta wa duka la rangi. Mbele yake, kama hatua thelathini hivi, zimesimama nguzo mbili za kuchaji magari ya umeme. Moja iligongwa na lori, sasa imevishwa mfuko wa plastiki kichwani kama mgonjwa wa meno. Inayofanya kazi ni moja. Bibi Pilipili anauza kahawa hapo tangu pakiwa jalala, na kwa macho yake hakuna kikubwa kilichobadilika: watu bado wanaleta vitu vyao, wanaviacha, wanaondoka. Jina la Pilipili alilipata kwa ulimi, si kwa kahawa. Wateja wake wa kila siku ni wawili. Konda alishika mlango wa basi miaka thelathini, na mpaka leo akikuomba sukari unadhani anaita abiria. Mawimbi ni fundi redio, na hakuna jambo hapa duniani, kuanzia mafua mpaka talaka, asiloweza kulieleza kwa mawimbi. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa na mtu wa tatu, na huyo alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Alikuwa Baba Pacha, dereva wa teksi ya umeme. Gari si lake, ni la tajiri. Mkewe alikuwa amejifungua watoto wawili kwa mpigo, nao walikuwa wanalia kwa zamu kama walinzi. Kwa hiyo usiku Baba Pacha anaendesha, mchana anabembeleza. Asubuhi hiyo alipokuja kuchaji alipanda ukingo wa barabara na tairi la mbele, akasimama shubiri mbili tu kutoka kwenye jiko la Bibi Pilipili. Bibi hakupiga kelele. Alimtazama macho, akanyoosha mkono.

"Lete funguo."

"Bibi, nachaji tu, halafu..."

"Lete funguo, nimesema. Chomeka hilo gari lako, kaa hapo, ulale."

Baba Pacha alitoa funguo kama mtoto aliyeshikwa na sukari mfukoni. Alisema jambo moja tu kabla kichwa hakijamwangukia begani: "Uniamshe likijaa, bibi. Nakuomba. Likikaa nusu saa baada ya kujaa, tajiri anapata ujumbe kwenye simu yake. Amesema safari hii nikifikisha nusu saa, nisirudishe maelezo, nirudishe gari." Bibi alimwahidi.

Sasa gari lilikuwa limejaa. Taa ya nguzo ilikuwa imeacha kijani ikawa nyekundu, na kwenye kioo chake dakika tangu lijae zilikuwa zinapanda: kumi na moja, kumi na mbili.

Bibi Pilipili: Mawimbi, nisomee tena hicho kibao.

Mawimbi: "Gari likishajaa, una dakika kumi za kuliondoa. Baada ya hapo, kila dakika italipiwa."

Bibi Pilipili: Dakika kumi za huruma. Hata mama wa kambo huzidisha.

Konda: Lakini hii ni dhuluma! Gari limejaa, halinywi umeme hata tone. Analipia nini? Mtu ukimaliza kula unatozwa kwa kukaa mezani?

Bibi Pilipili: Ukikaa mezani na wenye njaa wamesimama nyuma yako, mimi ningekutoza na kofi juu. Hujawahi kusimama foleni ya bomba, ndoo ya mwenzako imejaa, maji yanamwagika, na yeye yuko kwa jirani anasuka nywele? Huyo aliyeleta hii tozo lazima ni mwanamke, na alishasimama foleni hiyo.

Konda: Basi tumwamshe huyu.

Bibi alikuwa anangoja mwingine aseme. Aliweka birika chini, akamtikisa Baba Pacha bega. Macho yakafunguka nusu, mekundu kama makaa, yakamtazama bila kumwona.

"Tumefika, mama," Baba Pacha alisema kwa adabu. "Angalia usisahau mzigo." Akalala tena.

Bibi Pilipili alisimama na mkono wake bado begani kwa mtu. Aliahidi kumwamsha, na yeye si mtu wa kuahidi ovyo. Lakini huyu akiamka hivi, atakaa kwenye usukani hivihivi, na mbele ya benchi panapita watoto wa shule. Aliutoa mkono.

Bibi Pilipili: Huyo hajaamka. Huyo aliyeongea ni mazoea.

Dakika kumi na nne.

Mawimbi: Ngojeni. Mnajua hii nguzo inajuaje kwamba mtu kazembea?

Konda: Inajuaje?

Mawimbi: Simu. Nguzo inaongea na simu. Mwenye gari akiwa njiani anakuja, simu inatikisika, mawimbi yanacheza, nguzo inasema huyu muungwana, anakuja, tumvumilie. Simu ikitulia tuli, nguzo inasema aa, huyu kalala, mkate pesa! Simu yake iko wapi?

Konda: Ameishika.

Mawimbi: Sasa hapo! Imetulia kama kaburi. Itembeze.

Walimchomoa simu vidoleni taratibu, kama watu wanaotoa yai chini ya kuku. Konda akaibeba kwa mikono miwili, akaanza kutembea kati ya benchi na nguzo, kwenda na kurudi, kifua mbele. Bibi Pilipili aliona ni upuuzi. Aliona pia kwamba yeye hana upuuzi ulio bora, akawaacha.

Kumi na saba.

Mawimbi: Unarudi wa nini? Ukirudi nguzo inaona mtu kaghairi!

Konda: Nikifika je, nifanye nini? Niingie ndani ya nguzo?

Mawimbi: Zunguka! Zunguka kama mtu anayetafuta mahali alipoegesha.

Konda akazunguka nguzo. Mwenye duka la rangi alitoka mlangoni, akatazama, akarudi ndani bila kuuliza. Simu ikanguruma mkononi. Konda akaisoma kwa sauti ya kituo cha basi: "Gari lako limejaa! Tafadhali liondoe! Wengine wanasubiri!"

Bibi Pilipili: Punguza sauti, utaamsha mtu.

Konda: Si ndiye tunayetaka aamke?

Bibi Pilipili: Tunataka aamke akiwa amelala vya kutosha.

Ishirini.

Mawimbi: Nimejua kosa. Ni mwendo. Konda, wewe unatembea kama mtu wa basi, umejipanua. Simu imemzoea mwenyewe. Kila binadamu na mwendo wake, na kila mwendo na mawimbi yake.

Konda: Kwa hiyo nimuige?

Mawimbi: Vaa viatu vyake.

Bibi Pilipili alitaka kusema neno. Konda alikuwa ameshainama. Ndala za Baba Pacha zilitoka bila shida, maana miguu yenyewe ilikuwa imelegea kama nguo mbichi. Chini ya kisigino cha kushoto palikuwa na shimo, na juu yake amebandika kipande cha boksi la maziwa ya watoto. Konda alikitazama kile kipande kwa muda. Hakufanya mzaha, na hilo peke yake lilimshangaza bibi. Alivaa, akaenda kuzunguka nguzo, safari hii taratibu, mabega yameanguka kidogo, kama mtu mwenye watoto wawili nyumbani.

Ishirini na mbili. Ishirini na tatu.

Mawimbi: Inasita! Mmeona? Imesita!

Bibi Pilipili: Imesita kwa sababu dakika haijaisha, wewe mkia wa redio.

Konda: Mimi nadhani humo ndani mna mtu. Nasema kweli. Mtu mzima, ameajiriwa, anatuona. Anacheka. Anakula mshahara kwa kutuhesabia.

Bibi Pilipili: Basi mgongee mlango, mwambie atoke anywe kahawa, tuzungumze.

Konda, viatu vya mwenzake miguuni, aligonga nguzo kweli. Mara tatu. Alikuwa ameweka sikio kwenye bati, anasikiliza, pale gari dogo la kusambaza mikate lilipoingia bila sauti yoyote na kusimama nyuma yake. Aliruka kama aliyekanyaga moto.

Dereva alikuwa dada mmoja mwembamba, aproni ina unga mpaka mfukoni. Alishuka, akatazama taa nyekundu, akatazama namba ishirini na tano, akamtazama mzee anayesikiliza nguzo, akaamua kwenda kwenye benchi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeishiwa umeme?"

"Nimebakiwa na mbili kwa mia, na mikate ya shule mbili iko ndani. Niko barabarani tangu saa nane usiku. Mwenye hilo gari ni nani?"

Wote watatu walimtazama Baba Pacha. Dada wa mikate naye akamtazama: mdomo wazi, miguu peku, mkono umekunjwa kama bado umeshika simu. Bibi Pilipili alikuwa ameshaandaa maneno makali ya kumtetea, akakuta hayahitajiki. Yule dada alishusha sauti mwenyewe.

"Ana nini?"

Bibi Pilipili: Ana pacha.

Dada wa mikate: Funguo anazo?

Bibi Pilipili: Ninazo mimi.

Dada wa mikate: Na simu?

Konda: Ninayo mimi. Na viatu.

Mawimbi: Tatizo, dada yangu, ni la kitaalamu. Nguzo inasoma mawimbi ya mwendo. Ikifika nusu saa tajiri wake anapata ujumbe, huyu ananyang'anywa gari, na akiamka hivi alivyo ataua mtu. Sasa tunatafuta namna ya kuidanganya mpaka...

Dada wa mikate: Samahani. Kwani nyie wote hapa, hakuna anayejua kuendesha?

Mawimbi alikohoa. Alikuwa ametengeneza redio za magari mia kadhaa, yote yakiwa yameegeshwa. Konda alitazama ndala. Miaka thelathini barabarani, matuta yote anayajua kwa majina, na usukani hakuwahi kuugusa hata kwa kufuta vumbi. Bibi Pilipili alitazama birika. Ishirini na sita ilikuwa zamani. Kule kwenye kioo palikuwa pameandikwa ishirini na saba.

Bibi alitumbukiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa funguo, akamrushia.

Dada wa mikate alibonyeza funguo mara moja, waya ukaachia. Aliuchomoa, akautundika, akaingia kwenye teksi, akairudisha nyuma taratibu na kuiweka kivulini kando ya duka la rangi, tairi zote nne chini ya ukingo. Nguzo ikalia mlio mfupi. Taa ikarudi kijani, na kwenye simu aliyoshika Konda ukaja ujumbe: dakika ishirini na nane.

Konda: Haikufika! Haikufika nusu saa!

Bibi Pilipili: Usipige kelele kama umeisukuma wewe. Vua viatu vya mwenzio umrudishie.

Mawimbi: Lakini zile dakika baada ya zile kumi za huruma, bibi, hizo ameshakatwa.

Bibi Pilipili: Atalipa. Nyumba ya wageni ingemkata zaidi, na asingepata watu watatu wazima wa kumlinda kama wendawazimu.

Alisema hivyo, lakini alichukua khanga yake iliyokuwa imetandikwa chini ya vikombe, akaikung'uta, akaikunja mara mbili na kuisukumia kati ya shingo ya Baba Pacha na ukuta. Alifanya hivyo kwa nguvu, mtu asije akadhani ni upole. Baba Pacha alisema, "Chenji baki nayo, mama," akageukia upande wa pili.

Dada wa mikate alichomeka gari lake, akaja kuketi mwisho wa ubao. Alipiga simu shule ya kwanza kuomba radhi, akapiga ya pili, sauti ikawa inafifia kila neno. Aliomba kahawa. Bibi Pilipili aliuliza gari litajaa baada ya muda gani, akaambiwa dakika arobaini. Alimimina kikombe, akamnyooshea, kisha akaona namna yule dada anavyokitazama: anakiona, lakini mkono haujui uanzie wapi.

Bibi alikivuta kikombe na kukimimina tena ndani ya birika.

"Bibi, nitakulipa..."

"Kahawa yangu simpi mtu anayelala, ni hasara," alisema Bibi Pilipili. "Konda, inuka. Mpishe anyooshe miguu."