Siku Tarumbeta la Pantaleo Lilipozima

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la mawe nje ya kinyozi Oronzo, hapo Torrecava, kusini kabisa kwenye kisigino cha Italia, basi hujawahi kusikia watu wazima wakidanganyana kwa moyo safi. Wanaolikalia ni walewale wa bendi ya mji, ambao wakikosa pa kupulizia ala zao hupuliza maneno. Ippazio, mpiga ngoma kubwa, wanamwita Radi kwa sababu hajui kunong'ona. Donato wa klarineti wanamwita Wakili. Miaka thelathini alikuwa karani wa manispaa na hajakubali kushindwa hata siku moja. Oronzo mwenyewe, wa matoazi, husimama mlangoni na wembe mkononi, huku mteja mwenye povu mashavuni akimngoja ndani. Na Pantaleo wanamwita Tenori, maana tarumbeta lake nene ndilo linaloimba sehemu ya mwanamume mpenzi kila bendi inapopiga opera uwanjani. Kesho ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa mji. Kahawa ilikuwa imeshaletwa kwa trei kutoka baa ya ng'ambo, imemiminwa juu ya barafu na maziwa ya lozi, pamoja na kisahani cha lozi za kutafuna, na Pantaleo alikuwa hajafungua mdomo tangu aketi.

Alikuwa na sababu zake. Ndani ya mdomo huo mlikuwa na meno mapya ya bandia, safu yote ya juu, yana wiki tatu tu, na hakuna aliyejua isipokuwa mkewe na daktari. Kesho saa sita mchana Maestra Loredana, kiongozi mpya wa bendi, alitaka apige wimbo wa peke yake, uleule uliomuumbua mwaka tisini na nne mbele ya mji mzima. Maestra alikuwa amempa muda mpaka kahawa ya leo atoe jibu. Pantaleo alikuwa ameshaliandaa: hapana. Angelisema mara moja, angekwenda nyumbani, angetundika tarumbeta ukutani, na yangekuwa yamekwisha.

Wenzake hawakuwa na habari. Wao walikuwa wameshaingia kwenye mambo yao, nani aliwahi kuaibika zaidi mbele za watu.

— Mimi hamniwezi, — Radi alisema, na njiwa wakaruka kutoka kanisani. — Mkanda wa ngoma ulinikatikia kwenye mteremko wa Mtaa wa Tanuri, maandamano yako katikati. Ngoma ikaondoka yenyewe. Ikampita padri, ikampita mtakatifu...

— Mtakatifu hapitwi, — Wakili alimkatiza. — Utaratibu wa maandamano uko wazi. Hakuna kinachotangulia sanamu.

— Sasa nenda kaiambie ngoma hivyo. Ilimpita, nakwambia. Ikashuka mpaka chini, ikakutana na tumbo la msichana mmoja aliyebeba sinia la biskuti.

— Assunta, — Oronzo alisema kutoka mlangoni.

— Assunta wangu. Nilishuka kuchukua ngoma nikarudi na mchumba. Yule fundi aliyeshona mkanda ule vibaya, kila mwaka nampelekea chupa ya mafuta ya zeituni. Mpaka leo anadhani namdhihaki.

Pantaleo alicheka kwa pua, midomo imefungwa. Alikuwa ameisikia ile hadithi mara mia, na mara mia aliipenda.

— Hiyo ni ajali tu, — Wakili alisema. — Aibu ni ya kwangu. Tuko mji wa jirani, upepo ukabeba karatasi za muziki zote. Mtawa mmoja, Mungu amweke pema, akakimbia huku na huku akaziokota, akanirundikia kwenye stendi. Tatizo hazikuwa na mpangilio. Mimi nikapiga kama zilivyowekwa.

— Hukuona kwamba umeruka?

— Niliona sana. Nilitoka sehemu ya pili nikaangukia ya nne. Yule mama kwenye opera alikuwa bado hajaugua, mimi nikamuua.

— Kwa nini hukusimama, bwana wee?

— Karatasi ilikuwa mbele yangu. Mimi nilikuwa karani. Niliheshimu karatasi.

Radi alijipiga paja. Wakili akangoja kicheko kiishe, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba bendi nzima ilimfuata. Watu arobaini waliacha ukurasa wao sahihi wakaingia kwenye ukurasa wake mbovu ili asibaki peke yake. Tangu siku hiyo, alisema, hajawahi kukosa mazishi ya mwanabendi hata mmoja.

Pantaleo alijua kinachofuata, maana kila mwaka mkesha wa sikukuu kilifuata hicho hicho.

— Lakini tuseme kweli, — Radi alisema. — Sisi wote ni wanafunzi. Bingwa ni Tenori.

Mwaka tisini na nne. Jua la saa sita, uwanja umejaa mpaka ngazi za kanisa, na Pantaleo amesimama kwenye jukwaa. Alikuwa ameanza vizuri. Alipofika pale wimbo unapopanda, ambapo mpenzi anamwambia msichana kwamba hatamsahau, mdomo ulimgomea. Alipuliza, ikatoka hewa. Akapuliza tena, hewa. Kiongozi alibaki na mkono juu. Kisha nyuma yake sauti za watu zikashika pale alipoacha: waokaji, wauza samaki, wanawake waliokuwa wakijipepea, watu ambao hawajawahi kukanyaga jumba la opera maisha yao yote lakini wameisikia kwenye bendi tangu tumboni mwa mama zao. Waliimba mpaka mwisho. Yeye alisimama na tarumbeta kifuani, machozi yakimtoka, hajui aingie wapi. Baadaye, kila alipokumbuka, aibu na shukrani zilikuja pamoja, na iliyotangulia kusemwa na rafiki zake ni aibu.

— Ni tini, — Oronzo alisema haraka, kama kawaida yake. — Miaka yote nawaambia. Alikula tini mbichi asubuhi, kilo nzima. Utomvu wa tini unavimbisha midomo. Hilo limekwisha, tuzungumze mengine.

— Tini gani, — Radi alisema. — Ni jicho baya. Safu ya tatu alikaa mpiga tarumbeta wa bendi pinzani, miwani myeusi, miguu kaikunja. Wiki hiyo hiyo kasuku wa shangazi yangu alikufa.

— Kasuku wa shangazi yako alikuwa na miaka arobaini.

— Na aliishi yote bila kuumwa. Hujiulizi?

— Mimi naangalia ushahidi, — Wakili alisema. — Siku hiyo ulivuma upepo wa kusini. Upepo ule unatoka Afrika na unabeba mchanga. Mchanga uliingia kwenye tarumbeta. Kuna mtu alilipima uzito kabla na baada?

— Hakuna.

— Basi hamwezi kunipinga.

— Ukienda hivyo, — Radi alisema, akisogea ukingoni mwa benchi, — mwaka huo ndio kamati ilipomnunulia mtakatifu taji jipya la fedha. Lilikuwa dogo. Niliona kwa macho yangu walivyolipachika kwa nguvu. Sasa wewe jiulize, mtu kavishwa kofia inayombana tangu alfajiri, atataka kusikia tarumbeta?

— Kwa hiyo mtakatifu ndiye aliyemzima.

— Alikuwa anaumwa kichwa. Simlaumu.

Maestra Loredana alitokea pembeni mwa kanisa katikati ya maneno hayo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, kutoka mji wa kaskazini kidogo, karatasi kwapani. Aliwasalimu wazee wote kwa majina yao halisi, kisha akamgeukia Pantaleo.

— Shikamoo, Don Pantaleo. Nimekuja kwa lile jibu.

— Marahaba, Maestra.

— Kwanza utuamulie, — Radi alisema. — Tini, jicho, mchanga au kofia ya mtakatifu?

Ikabidi waanze upya, wote kwa pamoja, na Oronzo akipigania tini zake kuliko mwaka wowote. Pantaleo alimtazama kiongozi yule akisikiliza kwa heshima upuuzi ule wa kofia, na akachoka moyoni. Alikuwa anaondoka kwenye bendi. Hakutaka kuondoka na uongo wa watu wengine mgongoni.

— Sikula tini, — alisema. — Nilikwenda kwa Mzee Chicco.

Mzee Chicco alikuwa baba yake Oronzo, kinyozi kabla yake, aliyewafundisha nusu ya bendi kusoma muziki kati ya mteja na mteja.

— Si mnakumbuka asubuhi ile bendi ilizunguka mji, tukasimama kwake kwa sababu alikuwa mgonjwa? Mlipiga kipande mkaendelea. Mimi nilibaki dirishani. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mmoja, lakini mkono wa pili ukanishika mkono wa koti. Akasema, uimbe. Nikampigia wimbo wote, kwa sauti yote. Akasema, tena. Nikapiga tena. Mara nne. Mara ya nne mdomo ulikuwa unatoka damu.

— Kabla ya onyesho? — Wakili aliuliza, na safari hii hakuwa anabishana.

— Kabla ya onyesho. Hata anayeanza kujifunza leo anajua kwamba mdomo unautunza mpaka saa sita. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini aliposema tena, ningemwambia nini? Alhamisi iliyofuata tukamzika.

— Miaka yote hii hukusema, — Radi alisema. Kwa mara ya kwanza mteja wa ndani alilazimika kutega sikio.

— Ningeonekana najitetea. Mji mzima umekuja kunisikiliza, mimi pumzi nimeimalizia kwa mtu mmoja.

Oronzo alikuwa ameukunja wembe wake. Alitoka mlangoni akaja kukaa kwenye benchi, jambo asilolifanya akiwa na mteja.

— Mimi nilijua, — alisema. — Mama aliniambia siku ya mazishi. Alisema baba alilala akitabasamu upande ule uliokuwa bado mzima.

— Ulijua, halafu ukaniimbia tini miaka thelathini na moja?

— Wewe hukutaka kusema. Sasa mimi nikuseme kwa ruhusa ya nani? Nikaona wakishika tini, hawatachimba.

Pantaleo alimwekea mkono begani akauacha hapo. Alimshukuru kwa maneno mawili tu, asante ndugu yangu, na Oronzo akajifuta jicho kwa taulo lenye povu, likamwasha, akasema ni sabuni.

Maestra Loredana alikuwa bado amesimama, amesahau alichojia.

— Samahani, — alisema. — Nani alianza?

— Kuanza nini? — Radi aliuliza.

— Kuimba. Uwanja mzima hauwezi kufungua mdomo kwa pamoja. Lazima alikuwepo mmoja wa kwanza.

Wakili akatazama juu kama mtu anayetafuta faili kwenye rafu.

— Alikuwa mwanamume, — Radi alisema.

— Mwanamke, — Wakili alisema wakati huohuo.

— Hamkumwona?

— Tungemwonaje? — Oronzo alisema. — Jukwaa letu ni la mviringo. Sote tunamtazama kiongozi. Migongo ndiyo iko kwa watu.

— Na baadaye hamkuuliza?

Barafu ilikuwa imekwisha kwenye glasi, na ndani mteja akakohoa, akakohoa tena, hakuna aliyegeuka.

Pantaleo alikuwa ameushukuru uwanja ule kila Jumapili kwa miaka thelathini na moja, kama mtu anavyoshukuru kwa mvua. Haikumjia hata siku moja kwamba kabla ya uwanja kulikuwa na mtu mmoja. Mtu aliyesimama katikati ya kimya kile, bila ala, bila mazoezi, asijue kama kuna atakayemfuata au wote watamcheka. Huenda alikuwa na sauti mbaya. Huenda alikuwa jirani anayemsalimu kila asubuhi dukani. Pantaleo aliona aibu mpya, nyingine kabisa, lakini hii haikumwinamisha kichwa.

— Maestra, — alisema. — Nina meno ya bandia. Ya juu yote.

— Ndiyo maana hujagusa lozi, — Radi alisema, kwa upole kadiri alivyoweza.

— Nikifika pale panapopanda, yanaweza kunitoka mbele ya watu. Nataka ujue hilo.

— Nimekuelewa, Don Pantaleo. Basi jibu ni hapana?

— Jibu ni kiti changu ukigeuze. Kesho nitapiga nimewatazama watu.

Maestra aliinua mkono wake wa kuongozea.

— Hutauona mkono wangu.

— Sitauona. Lakini yule wa kwanza, kama bado yu hai, nataka anione uso.