Nilimshusha Akiru Juu ya Mwamba

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena, na safari hii hata wale wamama wa Mundika waliokaa karibu na mlango wafungue midomo, maana najua wamekunywa chai asubuhi.

Kwa wageni, mimi ni Mama Akiru. Nauza mihogo mikavu na wimbi hapa sokoni Malaba, na wengi wenu mmewahi kunisikia nikigombana na wateja. Leo sikusimama kugombana. Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa juu ya mlima, mahali ambapo mguu wangu haukuwa na pa kwenda, mbele wala nyuma. Nimeichagua Jumapili hii kwa sababu kesho nina safari, na safari hiyo naiogopa. Nitafika huko, mnivumilie kidogo.

Akiru ni mtoto wangu wa kwanza. Mnajua desturi yetu. Mtoto wa kwanza akishaacha kunyonya, nyanya yake anaweza kumwomba akakae naye, awe wa kumtuma maji na wa kuota naye moto jioni. Mama mkwe wangu ni mjane, na nyumba yake iko ng'ambo, chini ya mlima, upande wa Mbale. Alipomwomba Akiru sikukataa. Siku zile kuvuka daraja la mpakani ilikuwa kama kwenda Nambale, asubuhi unaenda na jioni umerudi. Nilijua nikimtamani nitapanda gari nikamwone.

Halafu mpaka ukafungwa. Chuma cha kizuizi kikalazwa darajani, wanajeshi wakasimama upande wa pili na bunduki zao, na mimi nikabaki huku na leso mkononi.

Ndugu zangu, kumtamani mtoto aliye hai ni ugonjwa wa peke yake. Ukifiwa, watu wanakuja na unga na sukari, wanalala kwako, mnalia pamoja mpaka mnachoka. Lakini mtoto yuko hai, anakula, anacheza, ila hayuko kwako. Nani atakuja kukaa na wewe? Nilikuwa nikitoka sokoni naenda nyuma ya jikoni, pale mwamba wa Tororo unapoonekana vizuri, nakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mtoto wangu alikuwa mbele zaidi ya ule mwamba, anakua bila mimi. Nilijiuliza nani anamnyoa, na akiugua usiku anamwita nani. Nilimshonea gauni kwa kukisia kimo chake. Kila msimu wa wimbi nililitoa sandukuni, nikafumua upindo, nikalirefusha tena. Mgongo uliniuma, na si kwa kubeba. Uliniuma kwa kukosa wa kubeba. Nikiona mama amefunga mtoto mgongoni, nilivuka barabara nikapita upande mwingine.

Baba Akiru alitaka kwenda kumchukua. Nikamkatalia. Mwanamume akishikwa kule siku zile aliitwa mpelelezi, na wapo wamama humu ndani ambao mpaka leo hawajui waume zao walilazwa wapi. Sitawataja. Kwenye matete ya mto pia kulikuwa na askari. Njia iliyobaki ilikuwa ya juu, ile ya mlima, ambayo wabebaji wa kahawa ya magendo waliipita. Nikasema nitaenda mimi. Mwanamke mwenye kikapu hana cha kupeleleza.

Hapo sokoni kulikuwa na mama mmoja Mmasaba, mtu wa mlimani, anayeitwa Mama Nambozo, anayeuza malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Aliijua ile njia kuliko anavyojua jiko lake. Nilipomwambia shida yangu alinitazama miguu kwanza.

"Wewe ni mtu ya chini," akasema. "Mlima haina heshima kwa mtu ya chini. Lakini kama ni mtoto, kuja."

Tukapanda kupitia Cheptais, tukaupita msitu wa mianzi, tukatokea juu mahali mlima umekatika. Njia inapita ubavuni mwa mwamba. Upana wake ni huu wa benchi mliyokalia, na kuna mahali unapungua hadi nusu yake. Upande mmoja una jiwe, upande wa pili huna kitu. Unatazama chini unaona mgongo wa mwewe anayeruka. Mimi nilizaliwa hapa bondeni, mwewe nilikuwa nikimwona tumbo tu.

Ndugu zangu, nitasema kweli hata kama tuko kanisani. Kulikuwa na raha pale. Jasho liliniingia machoni, na huku nacheka peke yangu. Nilikuwa naenda kwa mtoto wangu. Kutoka pale niliona nchi zote mbili zimelala pamoja chini ya jua moja, na ule mto uliotufungia njia haukuonekana hata kidogo. Mwamba wa Tororo, ambao nilikuwa nimeutazama kwa machozi miaka yote hiyo, ulikuwa mdogo kule chini, ningeweza kuufunika kwa kidole.

Katikati ya ile njia mwamba unatoa tumbo. Hapo huwezi kutembea ukiangalia mbele. Unageuka, unaweka kifua kwenye jiwe, mgongo unaachia hewa, unasogea ubavu ubavu. Mama Nambozo akanifundisha sheria ya pale.

"Mzigo ya mgongo inashuka hapa," akasema. "Unaiweka chini, unaisukuma na mguu pole pole. Ukiibeba itakuvuta nyuma, na hapo nyuma hakuna mtu ya kukushika."

Nikasukuma kikapu changu kwa mguu, tukapita salama. Tukashuka upande wa pili, tukafika kwa mama mkwe.

Nilipiga magoti kumsalimia, na wakati nimeinama nikaona miguu midogo imesimama nyuma ya gauni lake. Akiru. Ndugu zangu, hakuja kwangu. Alimshika nyanya yake kiunoni, akamwita *toto*, na ninyi mnajua kwetu *toto* ni mama. Akamwuliza, "Toto, huyu mama ni wa wapi?" Nyanya akamwambia ni mama wa Malaba. Basi jina langu likawa hilo, Mama wa Malaba. Nikatoa gauni nililolirefusha msimu baada ya msimu, tukamvisha, na halikufika hata magotini. Nililia kwa ajili ya gauni lile kuliko nilivyolia njia yote.

Mama mkwe hakulia. Alinivuta nyuma ya nyumba akasema, "Mchukue. Huku si kuzuri, wanajeshi wanaingia ndani ya manyumba. Lakini usimwambie nimemtoa. Mwambie nimemtuma."

Asubuhi alijaza simsim kwenye kibuyu kidogo, akampa Akiru mkononi. "Mpelekee baba yako," akamwambia. "Kibuyu ni changu, unirudishie." Mtoto akakipokea kwa mikono miwili, vile alivyofundishwa, na akanifuata bila kugeuka. Kwa nini ageuke? Mtu aliyetumwa si anarudi?

Sasa sikilizeni. Tulipoanza kupanda nilimfunga Akiru mgongoni kwa leso, kibuyu chake amekishika mkononi. Alikuwa mkubwa, miguu yake ilining'inia ikinipiga mapajani, na hakuhitaji kubebwa, maana amekulia kwenye miteremko ile pamoja na mbuzi. Lakini nilikuwa nimeusubiri uzito ule. Nilipouhisi, na joto la kifua chake likanishika hapa katikati ya mabega, nilisema hakuna atakayeniondolea tena.

Tukafika pale penye tumbo la mwamba. Mama Nambozo, aliyekuwa mbele yangu, akasimama.

"Mama Akiru, shusha mtoto."

"Huyu hashuki."

"Njia inatosha yeye kuliko inatosha wewe. Mguu yake ni kidogo. Shusha."

"Mama Nambozo, nimemtafuta mtoto huyu mpaka macho yameisha. Nimwache kwa jabali? Sisi watu wa bondeni mtoto tunambeba mgongoni. Wewe tembea."

Akageuka, akasogea. Nami nikaweka kifua kwenye jiwe nikamfuata.

Mwanzo nilienda vizuri. Halafu tumbo la mwamba likanisukuma nje, na uzito wa mtoto ukanivuta huko huko. Nikakwama. Vidole vya mikono viliingia kwenye ufa wa jiwe, vidole vya miguu vikang'ang'ania njia, na visigino vyangu vilikuwa hewani. Ningejaribu kwenda mbele, tumbo la jiwe lingenibandua. Ningejaribu kurudi, leso ingenivuta. Mtoto akaanza kulia akimwita toto wake, na kila alipotikisika nilihisi vidole vyangu vikiteleza. Mama Nambozo aliniambia kitu, sikukisikia. Nilisikia upepo tu, na moyo wangu.

Ndugu zangu, hapo sikuomba maombi mazuri kama ya mzee wa kanisa letu. Sikuwa na pumzi ya maombi mazuri. Nilisema, "Yesu, mimi nimeshindwa, na huyu ni wako." Basi.

Nikangoja anipe nguvu za kumbeba. Hakunipa. Badala yake utulivu uliniingia, nikajua la kufanya, na lilikuwa lile lile nililokataa. Kumbe nilikuwa nikiomba mtoto arudi mgongoni kwangu, na Mungu alikuwa anataka mtoto afike nyumbani. Hayo ni maombi mawili, na mimi sikuwa nimeyatenganisha.

Nikamwambia Akiru atulie. Nikatoa mkono mmoja kwenye ufa, nikaizungusha leso taratibu mpaka akaja ubavuni, upande wa Mama Nambozo, vile tunavyowageuza watoto wakati wa kunyonyesha. Nikaanza kufungua fundo. Lile fundo nililifunga mwenyewe kwa nguvu zote, na ndilo lililonisumbua kuliko mlima. Likaachia. Miguu ya mtoto ikagusa mwamba, na Mama Nambozo akamshika mkono. Nami nikamwachilia. Mwanangu niliyemlilia, nikamwachilia juu ya shimo lile, kwa mkono wangu huu.

Akatembea. Kibuyu amekikumbatia kifuani, akapita chini ya lile tumbo la jiwe bila hata kuliinamia, maana hakulifikia. Njia ilimtosha kabisa. Mimi nikabaki nimebandikwa pale, mwepesi sasa, lakini woga umenifunga miguu. Ndipo akageuka upande wa pili akaniangalia.

"Mama wa Malaba," akasema, "weka mguu pale peusi. Halafu pale penye nyasi."

Nikaweka pale peusi. Nikaweka penye nyasi. Yule niliyedhani nimekwenda kumwokoa ndiye aliyenitoa pale, neno kwa neno, mpaka nikashika mkono wake. Mungu wangu asifiwe. Nilikaa chini nikacheka na kulia pamoja, na Mama Nambozo akasema watu wa bondeni wana kichwa ngumu kuliko mwamba yenyewe. Sikumjibu, na ninyi mnanijua, hilo peke yake ni muujiza.

Tulifika nyumbani. Baba yake alipewa simsim yake, akaingia ndani ya nyumba akafunga mlango, na hatukumwona mpaka chakula kilipoiva. Ningeweza kumaliza ushuhuda hapo, tukaimba. Lakini Akiru aliosha kile kibuyu, akakianika juani, akakitundika ukutani juu ya kitanda chake. Baadaye nikaanza kumkosa jioni. Nikamtafuta, nikamkuta nyuma ya jikoni, amekaa juu ya kinu changu, anautazama mwamba wa Tororo. Alikaa vile nilivyokuwa nikikaa mimi, mikono imelala mapajani. Ndugu zangu, nilijiona. Ile njaa yangu haikuwa imekwisha duniani. Ilikuwa imehamia kwa mtoto, na kule ng'ambo kwa mama mzee aliyebaki na moto wake peke yake.

Kila alipouliza lini anarudisha kibuyu, nilimwambia daraja limefungwa. Na lilikuwa limefungwa kweli, nami kwa siri nilishukuru.

Sasa mmesikia wenyewe. Serikali ile ya ng'ambo imeanguka, wanajeshi wale wamekimbia, chuma kimeinuliwa. Wiki hii yote watu wanapita. Akiru aliniuliza siku ile ile, nikamwambia mihogo haijakauka. Akaniuliza tena, nikamwambia gauni lake la safari ni chafu. Jana nimerudi kutoka sokoni nikakuta gauni limefuliwa, liko kwenye kamba, na mihogo yote ameigeuza. Visingizio vikaniishia.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jana hiyo hiyo nimekijaza wimbi, wimbi nzuri, ile ninayowaficha ninyi wateja. Kesho asubuhi tunavuka. Nitampigia mama yule magoti, kisha nitamwacha Akiru achague atalala wapi kesho, na msimu huu, na mwingine. Anaweza kuchagua kule. Nikiwaza hivyo mgongo wangu unaanza kuuma kama zamani, siwafichi. Lakini nimeshawahi kulifungua fundo hilo mahali pabaya zaidi, na aliyeushika mkono wangu siku ile hajafa.

Kwa hiyo ninawaita. Mimi si mhubiri. Lakini kama una mtu ng'ambo uliyemlilia, au una kitu umekifunga mgongoni mpaka hakikuruhusu kupita, mkabidhi Yesu, yeye anajua upana wa njia kuliko sisi. Na kesho alfajiri njoo pale darajani, tuvuke pamoja. Najua pastor hupenda kutuonya juu ya njia pana, anisamehe kesho tu. Mimi nimepita ile nyembamba. Daraja ni pana, ndugu zangu, mtu anaweza kutembea na mtoto wake kando kwa kando, bila kumbeba.

Asanteni. Akiru, simama wakuone.